Muhuri wa Yerusalemu: Maisha ya Mama Bertha Kiluwa Mhina, 1955–2025

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Pongwe wa dini zote, na ndugu mliotelemka kutoka milimani: asanteni kwa kuja. Mimi ni Asheri Kiluwa, mdogo wake marehemu. Wasifu huu nimeuandika kwa maelekezo yake mwenyewe, aliyoyatoa akiwa kitandani na akili zake timamu. Kuna sehemu ambayo baadhi ya wanafamilia waliniomba niiruke. Sitairuka. Aliyeagiza isomwe ndiye huyu tunayemzika, na mnamjua alivyokuwa ukimkatalia jambo.

Mama Bertha alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Maramba. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Nehemia Kiluwa na mama Anjela, Wasambaa waliofuata kazi mashambani. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Baba alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitoka tumboni anabisha. Sisi tuliomfuata hatuna ushahidi wa kumpinga baba.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Maramba kuanzia mwaka 1963 hadi 1969. Akiwa darasa la sita alichapwa kwa kosa la mwenzake. Mwalimu alipogundua, alimuuliza mbona hukujitetea. Akajibu, "Nilijitetea, mwalimu, ila ulikuwa unachapa." Kwa jibu hilo aliongezwa viboko viwili. Mwaka 1972 alijiunga na mafunzo ya uuguzi na ukunga mjini Tanga, akahitimu mwaka 1975.

Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Moa, kwa wavuvi, kuanzia 1975. Mwaka 1983 alihamishiwa zahanati huku Pongwe, na hapa ndipo alipostaafu mwaka 2015. Kinamama mliojifungulia mikononi mwake mnakumbuka kwamba kabla hata hujamaliza shikamoo, yeye alikuwa ameshainama. "Vua viatu nione miguu." Mguu wa mjamzito ukivimba alikuwa hana mzaha. Alikuwa anatafuta gari siku hiyohiyo, mwenye mguu akitaka asitake.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Anold Mhina, dereva wa lori, aliyemfahamu alipokwenda kufungwa kidonda cha kidole. Shemeji alikuwa akisema kidonda kilipona kwa siku tatu, lakini yeye aliendelea kwenda kufungwa mwezi mzima. Walijaliwa watoto wawili, Nehemia mwaka 1981 na Leticia mwaka 1986. Shemeji Anold alitangulia mwaka 2009.

Sasa nifike kwenye hija.

Mwezi Oktoba 2011 Umoja wa Wanawake wa usharika huu ulimteua Mama Bertha kwenda Yerusalemu kwa niaba yao. Wenyeji mnajua desturi yetu: hujaji akirudi anasimama mbele ya kanisa, na pasipoti yake inapitishwa benchi kwa benchi ili kila mtu auguse muhuri. Aliyemtangulia miaka michache nyuma alirudi na pasipoti tupu, akasema muhuri ulipigwa kwenye karatasi ya pembeni na karatasi imepotea. Pongwe yetu mnaijua kwa maneno! Ikasemwa kwamba hakuvuka hata Muheza, alijificha kwa wakwe zake.

Kwa hiyo walipofika uwanja wa ndege wa Israeli, kiongozi wa msafara akawaeleza vizuri kabisa. Alisema zipo nchi za Kiarabu zisizoelewana na Israeli, na mtu akikutwa na muhuri huu anarudishwa mlangoni. Mwenye wasiwasi aombe agongewe kwenye karatasi. Wenzake wote waliomba karatasi. Mama Bertha akasema, "Mimi Uarabuni nina shangazi gani? Mwambie agonge humohumo, na asigonge kwa kufifia." Ukagongwa. Jumapili aliyorudi, pasipoti ilizunguka kanisa zima, na tangu siku hiyo mkawa mnamwita Mama Yerusalemu. Jirani yake Bi Hasina alimtania akisema, "Mama Nehemia, sisi tukirudi Maka mbona hatuombwi ushahidi?"

Mwezi Januari 2015 Leticia aliolewa na Alexander, Mkristo wa Lebanoni, aliyekuwa amekuja kufunga mitambo ya kiwanda. Wakahamia Beirut. Mwaka uliofuata Leticia akapata ujauzito. Kwetu binti huzaa mimba ya kwanza kwa mama yake, lakini daktari wa kule alimkataza kupanda ndege kwa sababu ya presha. Basi ikabidi mama ndiye aende. Alexander alipouliza kwa wahusika aliambiwa waziwazi kwamba Lebanoni na Israeli ni maadui, na mwenye muhuri ule hapiti.

Njia ilikuwepo. Aende polisi, aape kwamba pasipoti imepotea, aombe nyingine. Nusu ya ukoo tulimshauri hivyo. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, apa, mtoto anakusubiri." Akanijibu, "Asheri, pasipoti imo sandukuni chini ya kitenge cha marehemu Anold. Niape mbele ya Mungu nimeipoteza, na Mungu mwenyewe ndiye niliyemfuata kule?" Tukabishana hadi chai ikapoa. Hakuapa.

Tarehe 9 Agosti 2016 Leticia alipata kifafa cha mimba. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya wakati, akaishi saa chache. Leticia aliponea chupuchupu. Baadaye kwenye simu alimwambia mama yake kwamba miguu ilikuwa imevimba kwa wiki mbili na hakuna pale nyumbani aliyeijali. Mama mkwe alidhani ni joto. Mama Bertha alikata simu. Alikwenda uani, akakaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi, na Bi Hasina alipomkuta alisikia neno moja tu: "Ningeiona."

Mwaka 2018 serikali ilileta pasipoti mpya za kielektroniki, na sote tukatakiwa kubadilisha zile za zamani. Safari hii hapakuhitajika kiapo. Akapata pasipoti safi, kurasa zote nyeupe. Leticia naye akawa mjamzito tena. Mwezi Machi 2019 Mama Bertha akapanda ndege kwenda Beirut, begi lake likiwa na liwa ya kumsinga mzazi, khanga za kukandia, na mvuje wa kumkinga mtoto na kijicho, aliochomekewa na Bi Hasina bila kuombwa. Begi zima lilinuka mvuje, na shati la Alexander aliyelibeba likanuka pia.

Muhuri ulikuwa umebaki kwenye pasipoti ya zamani, lakini swali halikubaki nyumbani. Dirishani uwanja wa ndege wa Beirut, kijana wa uhamiaji alimuuliza kama amewahi kufika Israeli. Kiingereza cha dada kilikuwa cha kuungaunga, ila neno hilo alilielewa. Alisema, "No." Kijana akamtazama usoni, akauliza tena. Hapo Kiingereza kikamkimbia. Akasema kwa Kiswahili, "Sijawahi kufika, mwanangu." Kisha akakunja mikono kama aliyepakata mtoto na kuibembeleza hewa, kumwonyesha amefuata nini. Kijana akacheka, akagonga.

Mwezi Aprili miguu ya Leticia ikavimba tena. Mama Bertha hakungoja mtu amalize chakula. Walifika hospitali usiku uleule, Leticia akapasuliwa, na mtoto wa kike akatoka analia. Akaitwa Anjela, jina la mama yetu. Bibi alimkanda mzazi na kumwogesha mtoto arobaini nzima, kisha akarudi Pongwe.

Hii ndiyo sehemu niliyoombwa kuiruka. Aliporudi alikwenda kwa mchungaji wa wakati ule na kumweleza kwamba ameikana Yerusalemu, mara mbili, kwa lugha mbili. Mchungaji akasema Mungu anaelewa. Dada akasema, "Mungu anaelewa, lakini kanisa linaendelea kuniita Mama Yerusalemu." Aliomba jina hilo liachwe. Hamkuliacha, mlidhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Alikuwa anaona haya kila alipoitikia. Aliniagiza niwaambie leo, ili mtu asije akamzika kwa sifa asiyoistahili. Nimewaambia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alitibiwa mjini Tanga na kwa vipindi Dar es Salaam. Leticia na Anjela walifika mwezi Agosti mwaka huu, na kitu cha kwanza bibi alichomwambia mjukuu wake wa miaka sita kilikuwa, "Vua viatu." Jioni moja ya mwisho wa Septemba nilikuwa naye peke yangu hospitalini. Nilimuuliza, "Dada, ule uongo wa Beirut bado unakusumbua?"

Aligeuka upande wangu. Kisha akasema, "Ule ulimleta Anjela. Kinachonisumbua ni ukweli wa ile mara ya kwanza, nilipokataa kuapa."

Nikamwekea mto vizuri. Iliniuma, na inaniuma sasa hivi nikiwasomea.

Mama Bertha alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini. Ameacha watoto wawili, Nehemia na Leticia, mkwe wa kike na mkwe wa kiume, wajukuu watano, ndugu watatu, na jirani yake Bi Hasina, ambaye tangu juzi hajala. Mjukuu wake mmoja alimtangulia. Amezikwa Beirut, na bibi yake hakupata kumshika.

Bwana, mfungulie dada yetu apite bila maswali. Kuna mtoto huko anasubiri kuogeshwa. Na apumzike kwa amani.