Sahihi Moja Iliyobaki: Wasifu wa Raymond Armand Thibeault, 1937–2024

Marehemu Raymond Armand Thibeault alizaliwa tarehe 11 Februari 1937 mjini Jewett City, Connecticut, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Armand na Rosalba Thibeault, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Alizaliwa katika theluji iliyomzuia mkunga kufika, na mama yake alizoea kusema kwamba huyu alikuja bila kumsubiri mtu. Nyumbani walizungumza Kifaransa cha Quebec. Kiingereza alikiokota barabarani, kwa hiyo matusi aliyajua kabla ya salamu.

Alisoma katika shule ya masista ya parokia, kisha akamaliza sekondari Juni 1955. Masista walimwandikia kwenye ripoti neno moja miaka minne mfululizo: mkaidi. Ripoti hizo ziko kwenye meza ya picha pale mlangoni, na mkitoka mnaweza kuzisoma. Familia haina la kuongeza.

Wiki mbili baada ya kumaliza shule alijiunga na Jeshi la Wanamaji. Alifundishwa unyambizi hapa Groton, akapangiwa nyambizi ya dizeli iliyoitwa Alewife, chombo chenye watu themanini, choo kisichotabirika, na harufu ya mafuta ambayo mama yake alidai haikumtoka hadi alipooa. Wapo hapa ambao hawakuwahi kuishi chini ya maji, kwa hiyo jambo moja ni lazima lielezwe. Baharia mgeni kwenye nyambizi hapewi heshima kwa sababu amevaa sare. Anapewa kadi yenye orodha ya mitambo yote, na kwa kila mtambo anamtafuta anayeuongoza, anaufuata kwa mkono bomba kwa bomba huku amefungwa macho, maana taa zikizimika hakuna wa kumshika mkono. Akiujua, anatiwa sahihi. Sahihi zikitimia anavishwa beji ya pomboo. Kabla ya hapo jina lake ni mla hewa, kwa kuwa anavuta hewa ya wenzake na hajawafaa kitu. Raymond alivishwa pomboo mwaka 1957, na tangu hapo akawa ndiye anayetia sahihi ya mabomba ya hewa iliyoshindiliwa.

Mwaka 1958 aliletwa Leonard Pacheco, aliyeitwa Lenny, kijana wa Kireno kutoka Stonington, mcheshi, mvivu wa kuamka, fundi wa kukaanga mayai. Raymond alimpenda kama mdogo wake, na kwa sababu hiyo alimbana kuliko wengine. Tarehe 13 Novemba 1959, kusini mwa Iceland, Lenny alikuwa amebakiwa na sahihi moja, ya Raymond. Alifungwa macho, akayafuata mabomba vizuri hadi karibu na mwisho, akashika vali ya nyuma akaiita ya mbele.

"Hiyo siyo," Raymond alimwambia.

"Ray, nimepata vali kumi na tisa kati ya ishirini. Sasa unataka nini, damu?"

"Nataka ya ishirini. Njoo kesho."

Kesho yake asubuhi, nyambizi ikiwa imeibuka, Lenny alipanda juu kwa zamu ya ulinzi, na wimbi likamchukua. Alewife ilizunguka kwa muda wa saa tisa ikimtafuta. Alikuwa na umri wa miaka ishirini. Kadi yake ilipatikana chini ya mto wake wa kulalia, na Raymond aliichukua.

Nyambizi iliporudi, Raymond hakumwandikia barua mama yake Lenny. Alikwenda Stonington mwenyewe, akasimama jikoni kwa Bibi Pacheco na kumweleza yote, pamoja na ile sahihi. Yule mama akasema, "Angeijua kesho yake," kisha akamkatia mkate mtamu. Kuanzia mwaka huo, kila tarehe 14 Novemba, Raymond alikwenda kula mkate huo, na mama alipofariki aliendelea kukatiwa na Odete, mdogo wake Lenny, ambaye leo ameketi safu ya kwanza pamoja na familia. Pale ndipo anapostahili kukaa.

Tarehe 12 Mei 1962 Raymond alifunga ndoa na Lucille Fontaine katika kanisa la Jewett City. Walijaliwa watoto wawili, Marcel na Jeannine, ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu. Aliacha jeshi mwaka 1963, akaajiriwa fundi mabomba katika karakana ya kuunda nyambizi, akafanya kazi humo miaka thelathini na tatu. Aliwafundisha wanagenzi wengi, na baadhi yao wameketi hapa wakiwa na mvi zao. Wanakumbuka kwamba Thibeault hakumpitisha mtu asiyejua, hata awe mtoto wa nani. Wanakumbuka pia kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akisema njoo kesho. Kama hujui, alikaa nawe hadi ujue, kengele ya kutoka ilie isilie, na Lucille alikwishazoea kufunika sahani yake kwa nyingine juu ya jiko.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Watoto wake hawakuruhusiwa kugusa usukani wa gari kabla ya kuufuata kila mpira wa injini wakiwa wamefungwa macho kwa kitambaa cha vyombo. Jeannine alipofikisha miaka kumi na sita alishika mpira wa maji ya kioo akauita wa rejeta. Jirani alikuwa anakata majani na akazima mashine ili asikilize vizuri.

"Baba, watu wanatutazama."

"Wewe huwaoni, umefungwa macho. Anza tena."

"Si nije kesho?"

Raymond alimfungua kitambaa, akaingia ndani, akarudi na viti viwili na mkate wa nyama, wakakaa pale mbele ya injini mpaka binti alipoupata mpira. Jeannine hakujua wakati ule ni kidonda gani cha baba yake alichokichokonoa. Alikuja kujua baadaye, na ilimuuma.

Mwaka 1981 Raymond alijiunga na chama cha wastaafu wa nyambizi hapa mjini. Kila Machi wanachama hukutana kuwakumbuka waliofariki: jina la mtu husomwa, na la nyambizi yake, kisha kengele hugongwa mara moja. Mtunza kengele ni Mzee Chester Wojcik, na kanuni ya chama ilikuwa fupi: kengele ni ya waliovaa pomboo. Machi 1982 Raymond alisimama akaomba jina la Leonard Pacheco lisomwe.

"Ray, alikuwa mla hewa," Chester alisema.

"Chester, huyu mtu ana miaka ishirini na mbili chini ya maji. Anakula hewa ya nani?"

Watu walicheka, wakapiga kura, akashindwa. Alisimama tena Machi iliyofuata, na iliyofuata, na iliyofuata. Alisimama mara arobaini na mbili. Ingekuwa arobaini na tatu, ila mwaka 2021 mkutano haukufanyika kwa sababu ya korona, na yeye aliuandikia uongozi barua ili asionekane amechoka.

Isidhaniwe kwamba Chester alikuwa adui. Wawili hao walivua samaki pamoja, wakagombania karata, na Lucille alipofariki mwaka 2016 ni Chester aliyelala kwenye kochi la Raymond wiki nzima bila kuombwa. Naye alikuwa na suluhisho ambalo alilitoa kila mwaka, mkutano ukiisha.

"Kadi unayo wewe. Sahihi ni yako. Itie, mimi nigonge, twende tukale."

"Hakuijua vali."

"Amekufa, Ray."

"Ndiyo. Na hakuijua vali."

Kwa miaka mingi binti yake aliona huo ni ukatili mtupu, na siku moja alimwambia hivyo usoni. Raymond hakukasirika. Alimwambia, "Watu themanini walilala usingizi kwa sababu ya sahihi yangu. Nikitia moja kwa huruma, zote zinakuwa za huruma." Halafu akasema jambo ambalo Jeannine hakuwahi kumsikia akilisema kabla wala baada ya hapo: "Sahihi siijutii. Ninachojuta ni ile kesho. Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nataka tu kwenda kunywa kahawa." Alitaka vyote viwili, kengele igongwe na ukweli ubaki ukweli, na hakukubali kuambiwa achague.

Machi 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Aliletewa mtungi wa oksijeni nyumbani, na muuguzi alipofika siku ya kwanza alimkuta amefumba macho, anaufuata mrija kwa vidole kutoka puani hadi kwenye mtungi. "Sasa mimi ndiye mla hewa," alimwambia. Muuguzi hakuelewa, lakini Marcel alitoka nje ya chumba kwa dakika kadhaa.

Mwezi Septemba mwaka huu alimwita Chester kitandani, binti yake akiwepo.

"Kengele yangu isigongwe kabla ya Lenny kugongewa," alisema. "Kama Lenny hagongewi, niacheni na mimi."

"Unanikaba koo ukiwa umelala kitandani?"

"Nikisimama sipati pumzi."

"Una pomboo miaka sitini na saba. Nikae kimya siku ya mazishi yako? Watu watanionaje?"

"Hilo ni lako, Chester."

Chester aliondoka bila kofia yake wala kuaga. Raymond aliitazama ile kofia akasema, kwa kuridhika, kwamba safari hii amemkamata. Alifariki nyumbani kwake Groton tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na watoto wake wote wawili, akiwa na umri wa miaka themanini na saba.

Siku mbili baadaye Chester alikuja kuchukua kofia. Alikuwa ameshika karatasi aliyoipiga chapa mwenyewe kwa ajili ya kijitabu hiki, nanyi mnaiona ukurasa wa nyuma. Alikuwa amewapigia simu wanachama wote thelathini na mmoja. Wawili walikataa, na mmoja wa hao wawili ni kati ya waliobeba jeneza leo. Karatasi inasema: Leonard Pacheco, Alewife, 1959. Hakufuzu. Imebaki sahihi moja. Chini yake: Raymond Thibeault, Alewife, 2024.

"Nimeandika ukweli," Chester alisema mlangoni. "Nikiandika vingine ataninunia hata huko aliko." Kisha akakaa kwenye ngazi akalia, na Jeannine akakaa naye.

Marehemu ameacha watoto wawili, Marcel na Jeannine. Wajukuu watano, ambao wote wamefaulu mtihani wa injini. Kitukuu mmoja, ambaye bado. Dada yake Cecile wa Jewett City. Odete Pacheco wa Stonington. Na Chester Wojcik, ambaye sasa hana wa kubishana naye na anaomba mumtembelee.

Baada ya maneno haya Mzee Chester atasimama na kugonga kengele mara mbili, kwa mpangilio uliopigwa chapa. Familia ilijadili sahihi ile itiwe na nani, na jibu likawa hakuna. Kadi ya Lenny imo katika mfuko wa kushoto wa koti alilovishwa Raymond, bila ile sahihi moja, kama ilivyokuwa mwaka 1959, na kando yake tumeweka kalamu ambayo tumeijaribu na inaandika vizuri. Hana pa kwenda kunywa kahawa safari hii. Akishamaliza kumsikiliza Lenny mpaka vali ya ishirini, ndipo apumzike kwa amani.