Ukiona Wazee Wanne, Kata Kushoto

Wapo wengi wanaosimulia habari za asubuhi ile pale Pietrascura, na karibu wote walikuwa bado kitandani. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa juu ya ngazi mbele ya baa ya Zelinda, nikizibua mfereji wa paa uliojaa majani, na benchi la wazee lilikuwa chini yangu kabisa, hata ningedondosha jani lingetua kwenye upara wa Seneta. Lilidondoka moja, na lilitua. Kwa hiyo nitakayosema nimeyaona kwa macho haya na kuyasikia kwa masikio haya, na asiyeamini aende akaulize upara ule.

Benchi lenyewe ni ubao wa mti uliolazwa juu ya mawe mawili, mgongo ukutani, uso kwenye uwanja wa kijiji. Jua la milimani likitoka linaanzia hapo. Asubuhi ile walikaa watatu. Kwanza Seneta, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuongoza kwaya, lakini ukimpa nafasi ya kupumua anahutubia. Pili Nyundo, mfua chuma, aliyewapigilia nyumbu viatu mpaka nyumbu wenyewe wakaisha. Mwishoni, upande wa tao la mawe, alikaa Evaristo, ambaye kila mtu anamwita Chumvi, kwa kuwa utotoni alibebeshwa chumvi ya kondoo walipoteremshwa Puglia, nyanda za chini kando ya bahari, kukwepa baridi. Kati ya Nyundo na Chumvi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na juu ya nafasi hiyo kofia ya sufu. Kofia ya Filimbi. Filimbi mwenyewe tulimzika wakati wa theluji.

Zelinda alitoka na kahawa, akaiweka, lakini hakurudi ndani. Wakajua kuna neno.

— Wamepotea tena jana, akasema. Wale mume na mke wa Denmark. Wamekwenda na barabara ya lami mpaka machimbo ya mawe. Mke kafika kwangu analia, mume kaninunia kama mimi ndiye niliyeihamisha milima.

— Sisi tuliwaonyesha! Seneta akaruka. Nilinyoosha mkono mpaka bega likalia. Kushoto, mama, kushoto! Chini ya tao!

— Na yeye?

— Akanipiga picha.

— Mbili, akasema Nyundo. Ya pili uliweka kola sawa.

Hao wasafiri huja kila mwaka miti ikishachipua. Hawana kiongozi. Wanashika karatasi mkononi, wanatembea mlima kwa mlima, nyumba ya wageni kwa nyumba ya wageni, masanduku yao yanatangulia kwa gari. Karatasi hiyo aliiandika mwanamke mmoja wa kampuni yao, miaka mingi iliyopita. Alipita akiandika alama: kwenye mti wa mjozi pinda kulia, kwenye zizi lililobomoka nenda mbele. Alipofika uwanjani kwetu akakosa alama. Njia ya chini ya tao haina jina wala kibao. Akatazama huku na huku, akawaona wazee wanne kwenye benchi. Akamuuliza Zelinda, hawa huwa wapo? Zelinda akamjibu, hawa hata uwamwagie maji hawaondoki. Basi akaandika: ukiona wazee wanne kwenye benchi, kata kushoto.

Tangu siku waliposomewa maneno hayo, kukaa kwao kukageuka kazi. Walikaa na miavuli mvua iliponyesha. Seneta aliwahi kukosa harusi ya mpwa wake, akatuma ujumbe kwamba yuko zamu.

— Sasa sikilizeni, akasema Zelinda. Kampuni wamepiga simu. Wanasema kila kundi linafika hapa, linahesabu watatu, linadhani hapa sipo, linaendelea mbele kutafuta kijiji chenye wazee wanne. Leo linakuja kundi lingine. Hilo nalo likipotea, njia inahamishiwa Vallefonda.

— Vallefonda! Seneta akatema mate. Vallefonda kuna nini? Mbu, na kanisa lililopinda!

— Si waandike watatu, akasema Nyundo. Kufuta neno moja kuna kazi gani?

— Niliwaambia. Wakaniuliza hao watatu wana umri gani. Nikasema mdogo wao ana themanini na mbili. Wakasema basi, tuache.

Nyundo akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Na ule mshale wangu wa chuma?

— Mshale wako uliupiga msumari mmoja, Nyundo. Upepo ukaugeuza, Wajerumani wakaenda kulala na nguruwe wa Ercolina.

— Walilalamika?

— Nguruwe ndio walilalamika.

Chumvi hakucheka. Alikuwa akitazama tao. Zamani, kondoo walipofika uwanjani walitaka kufuata mteremko wa barabara kama wasafiri wa leo. Ndipo Filimbi, akiwa kijana mwenye suruali iliyofungwa kamba, alipopiga mluzi wake, sauti tatu, ya mwisho ikipanda, na kundi zima likakunja kushoto kama maji yaliyofunguliwa. Kondoo walipouzwa, watu walidhani na njia imekwisha. Filimbi hakudhani. Kila mwaka alipanda nayo na mundu, akikata miiba. Alipoulizwa anamkatia nani, alisema anamkatia atakayepita. Wakamcheka mpaka siku wasafiri wa kwanza walipotokea na karatasi zao na pua nyekundu. Filimbi alizunguka kijiji siku hiyo kama mtu aliyeshinda kesi.

Magoti ya Chumvi hayapandi tena. Miguu ya wageni ndiyo iliyobaki kuikanyaga ile njia. Ikihamia Vallefonda, miiba itafunga, na kazi ya Filimbi ya maisha yake yote itamezwa. Hilo alilijua kuliko wote pale. Na bado kofia ilikuwa palepale.

— Chumvi, ndugu yangu, Nyundo akaanza taratibu, kama anayeingia kwenye banda la nyumbu mwenye mateke. Usinichukie. Tuitoe hiyo kofia, akae mtu.

— Nani?

— Yeyote mwenye makalio.

— Kofia haitoki.

— Wewe unataka njia au unataka kofia?

— Kofia haitoki, Nyundo. Kunywa kahawa yako.

Seneta akaona hapo ndipo mahali pake. Akasimama, maana huwa hawezi kufikiri akiwa amekaa.

— Tatizo si kofia. Tatizo ni hesabu za hawa watu wa kaskazini. Kule baridi ni kali, vidole vinakufa ganzi, mtoto hajifunzi kuhesabu kwa vidole kama sisi. Anajifunza kwa karatasi. Karatasi ikisema nne, hata umlete mama yake mzazi aseme tatu, hamwamini.

— Acha kamba zako, akasema Nyundo.

— Kamba? Mimi nimefanya kazi Ubelgiji!

— Ulifanya miezi miwili, tena chini ya ardhi, ukichimba makaa. Ulimwona nani akihesabu?

— Haya. Tutengeneze mtu wa majani makavu. Tumvalishe koti.

— Mtu wa majani mchana kweupe!

— Tukimweka kando yako nani atajua yupi ni yupi?

Nyundo akamtupia kijiko. Seneta akakwepa, akaendelea.

— Au tumwazime Mtakatifu Rocco kanisani. Yeye mwenyewe alikuwa mtembezi, ana fimbo, ana mbwa. Tunamkalisha hapa asubuhi, jioni tunamrudisha, padri hajui.

— Mtakatifu Rocco kachongwa amesimama, wewe bwana. Utamkalishaje? Utamvunja magoti.

— Basi tumuegeshe. Kwani karatasi inasema wamekaa?

— Inasema kwenye benchi.

— Basi ni Vallefonda, Seneta akanguruma, sasa ameshika kasi. Nimeelewa! Vallefonda ndio waliomuua Filimbi.

— Filimbi alikufa usingizini, akasema Zelinda, ana miaka themanini na mitano.

— Ndiyo maana! Nani anakufa vizuri namna hiyo bila kusaidiwa?

Zelinda akacheka, akajifuta macho kwa aproni, na sikuweza kujua anafuta kicheko au nini.

— Mimi kinachonishinda ni kimoja, akasema Nyundo. Hawa wana magari. Masanduku yanapanda gari, wenyewe wanakwenda kwa miguu. Sisi tulitembea kwa kuwa hatukuwa na kitu. Siku niliyonunua pikipiki niliapa kutotembea tena hata kwenda chooni.

— Ni toba hiyo, akasema Seneta. Wametenda mambo huko kwao.

— Si toba.

Alikuwa Chumvi. Wakageuka wote, maana mtu huyu kwa wiki nzima alikuwa hasemi ila kofia haitoki.

— Filimbi alikuwa anafumba macho, akasema. Tukiteremka na kondoo, ananishika hapa mgongoni, anafumba macho kabisa, anatembea. Anasema, nisikuone unaniambia tulipo. Ananusa. Juu kule anasema, hapa mawe na barafu. Tukishuka, hapa uyoga na majani yaliyooza, tumeingia msituni. Halafu mialoni. Halafu mizeituni, ile harufu ya vumbi la mizeituni. Halafu mabua ya ngano yaliyochomwa, ndiyo Puglia hiyo, na siku ya mwisho anasimama, anasema, Chumvi, bahari. Mimi sijaona kitu, nimebeba chumvi mgongoni, siwezi hata kunusa bahari. Yeye keshafika.

Akashika ukingo wa kofia.

— Alikuwa anakosea? akauliza Nyundo.

— Mara moja. Akasema bahari, kumbe ni shuzi la baba yako, Nyundo.

Nyundo alicheka mpaka akakohoa, na Seneta akampiga mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

— Hawa wageni nao wananusa, akasema Chumvi. Nimewaona. Wakitoka kwenye kivuli cha tao wanasimama kwanza, wanainua pua. Hawajui wanafanya nini, lakini wanafanya.

— Basi toa kofia, mzee mwenzangu, Nyundo akasema kwa sauti ndogo. Wanakuja leo.

Chumvi akafungua mdomo. Sijui angesema nini, kwa sababu hapo ndipo alipotokea mwanamke kwenye kona ya chemchemi.

Alikuwa mtu mzima, shingo imeungua kwa jua, anachechemea, mkoba mgongoni, karatasi mkononi. Aliwatangulia wenzake, sauti zao zilisikika nyuma wakipanda ngazi za mawe polepole. Akatazama karatasi. Akatazama benchi. Niliona midomo yake ikihesabu. Moja, mbili, tatu. Akatazama barabara ya lami inayoteremka kwenda machimboni.

Seneta akainua mkono wa kushoto kama askari wa barabarani. Mwanamke akatabasamu, akampungia. Nyundo akafunika uso.

Lakini mguu ulikuwa unamuuma. Hakwenda barabarani, akaja benchini, akachechemea mpaka mbele ya ile nafasi, akaiona kofia. Akauliza kwa lugha yetu, ile ya kujifunzia vitabuni, kila neno limesimama peke yake:

— Samahani, wazee wangu. Hapa pana mtu?

Nyundo akatazama kahawa yake. Zelinda akatazama mlango. Seneta, nawaapia, Seneta aliyewahi kumjibu askofu, akaanza kuweka kola sawa. Na Chumvi akamtazama yule mwanamke, akaitazama kofia. Aseme yupo? Tulimzika sote. Aseme hayupo? Ulimi wake haujawahi kulitamka hilo.

Mwanamke akangoja. Akainua mguu mmoja kama korongo.

Chumvi aliichukua kofia kwa mikono miwili, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka juu ya goti lake. Halafu akasogea kidogo, kama mtu anavyosogea anapomkaribisha mgeni kwenye mkeka wake.

Mwanamke akaketi, akashusha pumzi, akainama kufungua kamba za viatu.

Wenzake wakatokea kwenye chemchemi, watu watano, wawili wana fimbo. Aliyekuwa mbele yao akainua karatasi. Akanyoosha kidole kuelekea benchi, akahesabu bila haya: moja, mbili, tatu, nne. Akatikisa kichwa kukubali, na kundi zima likakata kushoto, chini ya tao, bila kumsemesha mtu. Wala hawakumtambua mwenzao, kichwa chake kikiwa magotini.

— Zelinda, akasema Chumvi, macho bado kwenye tao. Kesho upigilie msumari hapo ukutani, juu yetu. Wa kofia. Na hii nafasi ni ya atakayetangulia kuchoka.

— Msumari mmoja tu? akauliza Nyundo.

— Wa kwako hapana. Zelinda, nunua dukani.

Na wa mwisho kati ya wale wageni, alipoingia kwenye kivuli cha tao, akapiga mluzi. Sauti tatu, ya mwisho ikipanda. Chumvi aliishika kofia kwa nguvu, vidole vikaingia kwenye sufu.

Hapo Zelinda akisoma atanisuta, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Hakuna mgeni aliyepiga mluzi. Yule wa mwisho alipita chini ya tao akilalamikia malengelenge yake, na hilo la mluzi wake nimelitunga. Mluzi ulipigwa, ila ulitoka juu ya ngazi yangu. Chumvi hakuinua uso kutazama, nami nikaendelea kuzibua mfereji.