Bi. Kokushubila na Makundi Manne ya Kiuno

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Kokushubila Rugaimukamu atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika idara ya fiziotherapia ya kituo chetu, na miaka hiyohiyo ya kulaumiwa kwa kuchelewesha foleni. Anastaafu kwa mujibu wa sheria. Kwa mujibu wa wagonjwa wa asubuhi, angestaafu zamani. Kamati ya hafla hii ya kumuaga imeniomba wasifu wa kuchekesha. Nitajitahidi, ila kuna kosa langu moja ambalo mama huyu amelisitiri kwa miaka tisa, nami sitaki aondoke nalo.

Alipoajiriwa, idara ilikuwa na utaratibu mwepesi. Kila aliyeumwa kiuno alilazwa chini ya taa ya joto dakika ishirini, kisha akapewa karatasi ya kumkataza kubeba vitu vizito. Makuli wa Chang'ombe waliipokea kwa shukrani, wakaitia mfukoni, wakarudi kubeba magunia.

Yeye akaja na ubishi kwamba viuno havifanani. Hatibu mtu kabla ya kumwinamisha mara kumi na kumnyoosha nyuma mara kumi, huku akiuliza kama maumivu yanashuka mguuni au yanapanda. Anayepata nafuu akijinyoosha nyuma ni kundi la kwanza. Akiinama, la pili. Ambaye kiuno kinamuuma vilevile afanye afanyalo ni la tatu, na huyo huulizwa hata habari za usingizi na za nyumbani. La nne ni wale ambao mazoezi si dawa yao: ganzi katikati ya mapaja, mkojo unagoma. Hao ni hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, bila mjadala. Mzee mmoja wa Mwananyamala alilalamika, “Sista, mie nimekuja kuchuliwa, siyo kucheza gwaride.” Alichezeshwa gwaride, akapona, akaendelea kulalamika.

Hata sherehe hazikusalimika. Kwenye harusi ya Avelina wa maabara, aliacha pilau ipoe akimtazama mshereheshaji anavyoinuka kitini kwa tabu, akamfuata mbele za watu kumweleza kuwa yeye ni kundi la pili. Wiki iliyofuata mshereheshaji alikuwa kwenye foleni yetu.

Sasa kosa lenyewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Miaka tisa iliyopita, foleni ikiwa imefika getini, alikuja Marselino, fundi wa kuchomelea mageti. Nilimpokea mimi, Gaudens Komba, mwenye diploma mpya na kasi ya kujisifu. Sikumwinamisha wala sikumuuliza. Nilimwandikia kundi la kwanza, nikamrudisha nyumbani.

Bi. Kokushubila, ambaye hafungi kazi kabla ya kupitia kadi zote, aliona swali la mkojo halikujibiwa. Akampigia simu Marselino. Alikuwa hajakojoa tangu asubuhi, na miguu inakufa ganzi. Mama akapanda bodaboda hadi kwake Temeke, akamfikisha hospitali, na mgonjwa akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, asingetembea tena.

Kwenye taarifa aliandika kuwa mgonjwa “alichunguzwa upya na idara.” Idara! Tulipongezwa sote, nami nilipiga makofi kuliko wenzangu. Yeye hakunigombeza. Aliniweka ubavuni pake miezi sita nikiinamisha watu, hadi nikawa naota nahesabu mpaka kumi. Mwaka huu ndiye aliyependekeza jina langu nishike nafasi yake.

Marselino anatembea. Leo ni mgeni wetu humu ukumbini, na siku zote hunisalimia kwa heshima ambayo si yangu. Kaka Marselino, aliyekurudisha nyumbani siku ile ni mimi. Nisamehe.

Bi. Kokushubila, asante kwa miguu ya watu wengi uliyoiokoa, na kwa aibu yangu uliyoibeba bila kuguna. Nenda Bukoba ukapumzike, mama, Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Tarehe mosi naanza kazi yako, na sasa kila mtu anajua ni nani anayeianza.