Kabari Mbili za Fundi Hezekia

Kwa jina la Mungu aliyetupulizia pumzi na anayejua idadi yake, Mungu wa baba zetu waliolima bonde hili kabla yetu, ninasimama mbele yenu, wachungaji, wafiwa na majirani, mimi Amon, mtoto wa kwanza wa Mzee Anyelwisye Mwasandube, kuwasomea maisha ya mdogo wangu, kama alivyoniagiza, bila kupunguza.

Hezekia Anyelwisye Mwasandube alizaliwa Ndandalo tarehe 14 Machi 1958, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akaenda Mbeya kujifunza ufundi wa magari, akahitimu Novemba 1977, akatumika katika gereji za watu hadi 1991, alipofungua yake Kyela mjini. Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Atuganile wa Njisi, wakajaliwa watoto watatu, Lameck, Lucy na Beatrice, na wajukuu watano.

Sifa yake ilikuwa katika malori yaliyofungwa injini zenye nguvu zaidi ili yapande milima ya Tukuyu, kwa maana dereva akikanyaga mafuta, springi za vyuma bapa hujikunja, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikainua pua yake, shafti itokayo kwenye giaboksi ikazunguka kwa pembe mbaya, na krosi zake, yaani viungo vya ncha zake, zikalika hadi kukatika, hivyo yeye alipachika kabari za chuma kati ya springi na ekseli, pua ya difu iinamie chini nyuzi mbili au tatu, ili lori likivuta mzigo ipande na kukaa sawa. Aliwafundisha wengi kwamba pembe hiyo hupimwa lori likiwa limekanyaga ardhi, uzito wote juu ya springi, kwa sababu springi inayoning'inia husema uongo.

Aprili 2011, mvua ikiwa imegeuza uwanja wa gereji kuwa tope, aliletewa lori la namna hiyo, magurudumu yakazama, akalinyanyua kwa chesisi juu ya magogo, akapima pembe magurudumu yakining'inia, akapachika kabari, akikusudia kupima tena pakikauka, lakini mwenye lori akamcheka, "Fundi, hilo ni la kubeba ndizi, si bibi harusi unampima gauni," naye akaliachia. Kesho yake dereva, Ambakisye wa Makwale, alirudi kumwambia kwamba linavuma chini, na Hezekia, akiona haya mbele ya wateja, akajibu, "Injini mpya hiyo, inaimba," Ambakisye akacheka, akasema, "Haya baba, sikio ni lako," akapanda, akaondoka.

Tarehe 14 Aprili 2011, saa nane mchana, kwenye mwinuko wa kwenda Tukuyu, krosi ilikatika, shafti ikayumba na kukata bomba la breki, na breki ya mkono, ambayo katika lori lile hukamata shafti hiyo hiyo, haikuwa na cha kushika, lori likarudi kinyumenyume hadi korongoni, na Ambakisye akafia humo. Watu wakasema alikuwa amelewa. Hezekia ndiye aliyeitwa kulivuta, akaiona krosi, akazifungua kabari zake mbili, akazitia mfukoni, akanyamaza, na kwa miaka kumi na minne Tusekile, mjane wa Ambakisye, amelea watoto wanaoitwa watoto wa mlevi.

Tangu siku ile mvumo haukumwacha. Alitoka katikati ya ibada kwenda kusikiliza barabara isiyo na gari, aliweka sikio ukutani mkewe akimtazama, na alipolazwa Februari mwaka huu kwa ugonjwa wa figo, aliniuliza kila siku, "Kaka, hulisikii lori?", nikamjibu kwamba hakuna kitu, lakini siku moja, na ninaungama mbele zenu, nililisikia. Hapo ndipo aliponieleza yote, akasema, "Ukisoma yangu usinipambe. Msomee Tusekile."

Mama Tusekile, uliyekaa pale na wanawake wenzako, uliyetuletea kuni na mchele tangu juzi bila kujua unamlilia nani, mume wako hakuwa amelewa, alilisikia lori lake vizuri kuliko fundi. Kabari zenyewe ni hizi hapa mezani, hatutamzika nazo, ni zako na za wanao, popote mtakapotaka kuzionyesha, nasi ukoo wa Mwasandube tunasimama wote kukuomba radhi.

Hezekia alifariki Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi na kulala nasi matangani, na mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo, ndaga fijo, asanteni sana.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu, kadiri watakavyokupa wale uliowanyima. Nanyi mliosikiliza hadi mwisho, Bwana awabariki, awape masikio ya kusikia kitu kinapovuma, na kinywa cha kusema kabla gari halijaondoka.