Bi Kibao na Anwani Zetu za Zamani

Bi Kibao, mtunza tovuti ya shule yetu, anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Alianza akiwa mpiga chapa wa ofisi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ni yeye peke yake aliyethubutu kuitoa kwenye boksi.

Jina la Kibao tulimpa sisi wanafunzi, na tunasisitiza kwamba ni kibao cha njiani, si cha shavuni. Kila mara shule ilipobadilisha tovuti, kurasa zilihamia anwani mpya. Yeye aliandika kwenye seva, kompyuta inayoihifadhi tovuti, kanuni za kumpokea aliyekuja kwa anwani ya zamani na kumfikisha anakotaka. Hakuziandika anwani moja moja. Alieleza umbo la anwani kwa alama: neno "wahitimu", kisha tarakimu nne za mwaka, kisha jina, na alama ya kofia (^) kuonyesha mwanzo na ya dola ($) kuonyesha mwisho, ili kanuni isidake kisichoihusu.

Aliwahi kuteleza. Aliweka nukta na nyota, alama zinazomeza chochote, juu ya kanuni nyingine zote, na seva hutii kanuni ya kwanza inayolingana. Asubuhi nzima kila aliyetafuta matokeo ya mtihani aliletewa ratiba ya chakula. Mpishi alijisifu kwamba hajawahi kupata wasomaji wengi kiasi kile. Bi Kibao alicheka hadi machozi, akarekebisha, na hakurudia tena.

Muhula huu tumepata tovuti mpya. Kanuni zote za Bi Kibao zimefutwa, na badala yake umewekwa mstari mmoja: nukta na nyota, kila anwani ya zamani iende ukurasa wa mbele, penye picha ya jengo jipya. Kosa lake la asubuhi moja sasa ndio utaratibu wetu.

Wiki iliyopita mama wa mwenzetu aliyefariki akiwa kidato cha pili alikuja ofisini, simu mkononi. Shule ilimtengenezea mwanawe ukurasa wa kumbukumbu, wenye insha zake na sauti yake akisoma shairi. Mama aliichapisha anwani ya ukurasa huo kwenye kadi, akawagawia ndugu. Sasa kadi zote zinaleta picha ya jengo.

"Mwanangu mmempeleka wapi?" aliuliza.

Ukurasa upo. Njia ndiyo iliyoondolewa. Bi Kibao aliomba aongeze mstari mmoja tu wa ukurasa huo juu ya ule wa nukta na nyota, lakini nywila yake ilikuwa imeshabadilishwa. Mkuu wa shule alimjibu Bi Kibao kwa upole, "Mama, wewe pumzika. Ya kale tuyaache."

Bi Kibao alimwandikia mama wa marehemu anwani mpya kwenye kipande cha karatasi. Kwa kadi zilizo mikononi mwa ndugu hakuwa na la kufanya.

Ijumaa kutakuwa na keki na hotuba. Mstari aliouomba bado haujawekwa.

Asante, Bi Kibao. Tunakutakia maisha mema, na yeyote atakayekutafuta kwa anwani ya zamani apate jirani wa kumwonyesha mlango.