Mama Marie-Louise Mwamba na Bati za Alunguli

Dola mia nane, hizo ndizo zilizokuwa ndani ya bahasha ya asubuhi, kwa wale waliosikia kelele bila kujua sababu yake, na familia inataka jambo hili liwe wazi kabla historia haijaanza, maana marehemu hakupenda maneno ya chini chini alipokuwa hai, wala hatutamzika nayo. Bahasha ililetwa saa mbili na nusu na Bwana Roger, prezidenti wa Fondation Konzi, pamoja na watu wanne wa komite yake waliovaa gile mpya, vizibao vya rangi ya machungwa, akaiweka juu ya sanduku la marehemu, akamwita mpiga picha asogee, ndipo Claudine, binti mkubwa wa marehemu, akamshika mkono akamuuliza, “Papa Roger, hizi pesa zimetoka kaisa gani, mfuko gani?” Naye akajibu bila kupepesa, “Kaisa ya majanga, Mama Claudine, kifo si janga?” Claudine akaisukuma bahasha mpaka ikaanguka mavumbini, akasema, “Janga iko ng’ambo ya mto, Alunguli, inanyeshewa. Bati iko wapi?” Bwana Roger akashusha sauti, akasema bati zitatolewa kwa heshima zote siku ya arobaini ya marehemu, kwa jina lake, na kibao cha ukumbusho, na wageni wakubwa, familia itie sahihi tu chini ya karatasi hii.

Familia haikutia sahihi, bahasha imerudi mfukoni ilikotoka, na sasa mtasikia ni mama wa namna gani mliyetaka kumfanya kibao.

Marehemu Marie-Louise Mwamba alizaliwa Kibombo tarehe 14 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Mwamba, mkulima wa mpunga, na alikua akifukuza ndege shambani tangu kabla hajajua kufunga kitenge, kazi ambayo yeye mwenyewe alisema ilimfundisha kupiga kelele.

Alianza shule ya msingi pale pale Kibombo mwezi wa Septemba 1962, akasoma miaka miwili, vita vya 1964 vikafunga shule, na ilipofunguliwa tena baba yake alikuwa na ada ya mtoto mmoja tu, ikaenda kwa kaka yake. Hicho ndicho cheti chake chote, miaka miwili, na wenye diploma za kutundika ukutani walioko hapa watuwie radhi, kwa sababu kusoma alijifunza mwenyewe, kwanza juu ya magunia ya mchele, halafu juu ya karatasi za mizigo ya treni, herufi kwa herufi, akimfokea mumewe kila alipomsaidia upesi mno, na alipofika umri wa miaka thelathini hakuna karani wa Kindu aliyeweza kumsomea karatasi akaruka mstari.

Mume huyo ni Djuma Ramazani, karani wa mizigo kwenye stesheni ya hapa Kindu, aliyemuoa tarehe 5 Julai 1975, mwislamu, naye marehemu akiwa mkatoliki, kila mmoja akabaki na sala yake, na waliotabiri kwamba ndoa hiyo haitamaliza masika mawili walikuja wenyewe kula wali miaka ishirini na mitano baadaye, wakaomba na ukoko. Mungu aliwapa watoto saba, wawili aliwachukua wadogo, watano wako mbele yenu, Claudine, Ange, Yannick, Joëlle na Divine, na wajukuu kumi na wanne. Papa Djuma alitangulia tarehe 22 Juni 2013.

Kazi yake ilikuwa mchele, tangu mwaka 1978, akiuchukua Kibombo na kuuza sokoni Kasuku, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga kitako cha kopo ili kipande juu na kula vidole viwili vya mchele wa mteja, kama wanavyofanya wengine ambao hatutawataja kwa kuwa ni msiba, na aliyelalamika bei yake alionyeshwa kwa mkono meza ya wagonga makopo, akaambiwa, “Nenda kule, kule wanauza hewa, ni rahisi.”

Hasira yake hatutaificha, mnaijua, wengine mnayo alama. Dada yake Germaine hakuongea naye miaka minne kwa sababu ya jungu lililorudishwa na ufa, na baadaye ikajulikana ufa ulikuwepo tangu mwanzo, naye marehemu akaenda kwa miguu mpaka kwa dada yake, akasimama mlangoni akasema, “Nilikosa, lakini na wewe ulinijibu vibaya,” na hiyo kwake ilikuwa kuomba msamaha kamili.

Sasa tunafika kwenye Konzi, kwa sababu kuna vijana wanaofikiri ilianzia ofisini, kwenye kompyuta ya biro. Ilianza mwezi wa Mei 2002, vita vimeufunga mji huu, treni imelala, njia ya Kibombo haipitiki, aliyekwenda shambani mbali hakujua kama atarudi, na chumvi ilikuwa ikiuzwa kwa kijiko. Marehemu aliwaita wanawake wanane wa avenue yao, wakawa tisa, akawaambia kila mmoja, kabla ya kumimina kitu chochote kwenye sufuria, mchele, mahindi, chochote, atoe konzi moja ya mkono wake aweke kwenye kopo la pembeni, na kila Ijumaa makopo yatamiminwa pamoja na kupelekwa kwenye nyumba ambayo moto haukuwashwa. Mwanamke mmoja aliuliza, “Na kama sufuria yangu iko na konzi mbili tu?” Akamjibu, “Basi utakula moja, na mwenzako moja, na hakuna atakayekufa peke yake.”

Ijumaa ya kwanza walikwenda yeye na Mama Falone, jirani yake, wakapeleka makopo mawili ya mchele kwa mjane aitwaye Naomie, mwenye watoto wanne. Naomie akawapokea, akatandika mkeka, akawaambia wakae, nao wakakaa, wakapewa maji, wakaulizana habari za nyumbani, kama sisi wote tulivyolelewa, na wakiwa bado wanaongea harufu ikatoka nyuma ya nyumba, Naomie amepika kopo zima, maana mgeni hatoki kwake na njaa, vita au si vita. Wakala, wangefanyaje, wakashukuru, wakaaga. Njiani marehemu alisimama katikati ya barabara, akamuuliza mwenzake, “Falone, tumekula nini?” Falone akasema, “Tumekula wali.” “Wali ya nani?” Mama Falone yuko hapa amekaa, ni shahidi, anasema wali ule mpaka leo haujashuka tumboni.

Siku ile ile marehemu akaweka sheria ambayo Konzi iliishi nayo, kwamba mleta msaada hakai, hanywi maji, haulizi habari, anaweka chini, anasalimia, anaondoka, kwa sababu mtu aliyepatwa na shida akimwona mgeni amekaa atakopa sukari ili asiaibike. Watu walimwona hana adabu, shehe na padri wote wawili walimwita kumwambia kwamba anavunja desturi ya ukarimu, naye akawajibu ya kwamba ukarimu ni wa mwenye chakula. Mwisho wa mwaka ule wale tisa walikuwa zaidi ya arobaini, na kwenye avenue yao hakuna mtoto aliyezikwa kwa njaa, jambo ambalo hakuna aliyelipiga picha.

Amani iliporudi konzi ya mchele ikawa konzi ya pesa, na tusiwe wachoyo wa ukweli, kazi nzuri ilifanyika, chemchemi ya Mikelenge ilijengewa saruji, wanawake waliozuiliwa hospitalini kwa deni la uzazi walitolewa, na soko lilipoungua wauzaji thelathini na mmoja walipewa dola hamsini hamsini za kuanzia, kabla majivu hayajapoa, bila hotuba. Mwaka 2009 ikaandikishwa, ikaitwa Fondation, na mwaka 2016 Bwana Roger akawa prezidenti, kijana aliyesoma, mwenye suti tatu, na marehemu akapewa cheo cha prezidenti wa heshima, ambacho alikieleza vizuri kuliko sisi, kwamba ni kiti unachopewa ili ufunge mdomo. Gile zikanunuliwa kabla ya dawa, na siku alipoona bei yake alichukua moja mgongoni kwa mtunza kaisa akaenda kuitupa mtoni Lualaba, na mtunza kaisa yule alituomba asubuhi hii tusilisome hilo.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2024 Lualaba ilitoka kitandani mwake, ikala nyumba ishirini na mbili upande wa Alunguli, na mji ulifanya kama ulivyozoea, waendesha pikipiki wakatoa pesa ya safari moja moja, wauza samaki, wafanyakazi wa reli, kanisa na msikiti, ikapatikana bei ya bati mia mbili sitini na nne, kumi na mbili kwa kila nyumba, zikanunuliwa, zikaingia ghalani, depo ya Fondation hapa Kasuku. Kufikia hapo hakuna wa kumlaumu.

Siku ya Jumamosi tarehe 9 Machi bati zilivushwa kwa mtumbwi wa moteri, na mbele yake ukatangulia ujumbe wa komite kusema kwamba prezidenti anakuja, wageni wanakuja, wapokewe inavyofaa. Watu wanaolala chini ya mahema wakakopa wakanunua mbuzi. Wakakodi na viti. Bwana Roger alikaa, komite ikakaa, hotuba zikakaa saa nne, mbuzi akaliwa mpaka mifupa, na marehemu, mwenye miaka sitini na saba, alisimama muda wote ule juani, akiletewa kiti anakitazama kama kinyesi, na alipoambiwa na Bwana Roger mbele ya watu, “Mama, unatutia haya, kaa basi,” alimjibu, “Haya mulikuwa nayo wapi?”

Halafu, na hapa tunaomba utulivu, mgeni mkubwa aliyengojewa kutoka Kinshasa hakufika, ndege yake haikuja, na komite ikaona kwamba bati haziwezi kutolewa bila mgeni, picha zingekosa uzito, kwa hiyo picha ndogo zikapigwa za watu wa Alunguli wameshika bati, wanacheka kama walivyoambiwa wacheke, halafu bati zikatolewa mikononi mwao, zikarudishwa kwenye mtumbwi, zikavuka mto kurudi depo, kungoja tarehe. Mama Mamy, mmoja wa waliofurikiwa, alikimbia nyuma ya wabebaji akiuliza, “Papa, na mbuzi wetu je, naye anarudi?” Watu walicheka. Marehemu hakucheka.

Kuanzia siku ile kila Jumatatu alikwenda biro ya Fondation, akasimama mlangoni, akauliza tarehe, akaambiwa prezidenti yuko kwenye semina, semina ya usimamizi wa majanga, tusicheke tafadhali, na mvua za Septemba zikaanza, bati zikiwa kavu kabisa, na watu wenye bati zao wakilowa. Alikwenda Jumatatu thelathini na moja, na ya thelathini na mbili hakuenda, kwa sababu tarehe 14 Oktoba, akivaa viatu, mkono wa kulia ulimwangusha, na mdomo ukapinda.

Alifikishwa hospitalini saa ile ile, presha ikiwa imepanda sana, akalazwa, akaanza kupata nafuu, wiki ya tatu akaweza kusema maneno machache, na neno lake la kwanza kwa Claudine halikuwa juu ya watoto wala nyumba, alisema, “Zimevuka?” Claudine, ambaye hajui kusema uongo, maana alilelewa naye, alisema, “Bado, Mama.” Akageukia ukuta. Alifariki Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri. Bwana Roger amewaambia watu hapa nje kwamba mama ameuawa na hasira yake, lakini daktari ameandika presha, na karatasi tunayo, na sisi tunajua kusoma.

Familia inamshukuru Daktari Dieumerci na wauguzi wake, waliomwangalia usiku na mchana na kuvumilia makaripio yake, inawashukuru majirani wa avenue, wauza mchele wa soko la Kasuku waliofunga meza zao siku tatu, wafanyakazi wa stesheni waliofanya kazi na Papa Djuma, padri na shehe waliokubali kuomba katika uwanja mmoja, na watu wa Alunguli waliovuka leo alfajiri na kuni vichwani, wakaziweka, wakataka kuondoka, mpaka tulipowashika kwa nguvu wakae na sisi. Inawashukuru pia wenye mitumbwi, waliosema hawatataka malipo kwa mzigo wowote utakaovuka leo.

Ulale, Mama Marie-Louise, udongo wa Kindu ukupokee vizuri, na Mungu akupe nafasi kati ya watu waliosema kweli.

Na wewe, Bwana Roger, umekaa mstari wa pili, ufunguo wa depo uko mfukoni mwako, mitumbwi iko bandarini. Hatutaki arobaini, hatutaki kibao, hatutaki mpiga picha. Toa bati mia mbili sitini na nne, leo, kabla jua halijazama.