Yanjmaa wa Gobi ya Kati, Fundi Aliyetufundisha Sola

Ndugu wafiwa, majirani mliotoka kambi za mbali, na nyote mlioacha mifugo ili kuwa nasi, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu.

Marehemu Yanjmaa binti Sodnom alizaliwa tarehe 11 Aprili 1954, mtoto wa tatu kati ya sita wa wafugaji wa ngamia na mbuzi, akaanza shule ya bweni wilayani mwaka 1962, akahitimu 1972, kisha akasomea ufundi umeme Ulaanbaatar kwa miaka miwili. Kuanzia 1974 hadi 1996 alihudumia mtambo wa dizeli uliowasha taa za makao ya wilaya, na ulipofungwa, akarudi kufuga.

Tarehe 8 Julai 1977 alifunga ndoa na Choijil, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, Uranbileg na Munkhjin. Mwaka 2003 alipoleta nyumbani paneli ya sola, mumewe alicheka, "Mke wangu, umetuletea meza isiyo na miguu!" Na marehemu hakuficha kwamba yeye mwenyewe, pamoja na ufundi wake, aliharibu betri ya kwanza kwa kuwasha televisheni kutwa kucha, akisema, "Nilidhani betri ni kisima, kumbe ni kiriba, lazima ujue umetia kiasi gani kabla hujamimina."

Tarehe 19 Januari 2010, katika baridi kali iliyotumalizia mifugo, jirani yetu Dashnyam alifika nyumbani kwa marehemu kwa farasi, mkewe Tsevelmaa akiwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na simu yao ya kumwitia daktari imezima.

"Dada, paneli imekufa kwa baridi."

"Baridi haiui paneli, shemeji. Bila shaka umeilaza kama mgonjwa, theluji ikaifunika."

Walipofika kambini kwa Dashnyam, dada yetu akaifuta theluji kwa mkono wa koti, akaisimamisha ikitazama kusini, maana jua la majira hayo hupita chini, akachomoa televisheni na taa zote, akaacha simu peke yake. Dashnyam alikuwa akitoka na kuingia, akinung'unika kwamba jua lenyewe halina joto, naye akamjibu, "Paneli haioti moto, inataka mwanga. Kaa chini umshike mkeo mkono." Saa sita mchana simu iliwaka, wakapiga hospitali, jioni gari la daktari likafika, na mtoto aliyezaliwa, Enerel, ana miaka kumi na mitatu, na yuko hapa pamoja nasi.

Baada ya siku hiyo marehemu hakutulia, na kwa miaka kumi alizunguka kwa pikipiki kambi zaidi ya mia moja na arobaini, akionyesha jinsi ya kuinamisha paneli kila msimu, kufuta vumbi asubuhi, na kutofunga mbuzi mahali kivuli chake kitaangukia paneli. Waliolalamika, "Mama, sasa televisheni tutaangalia lini?" aliwauliza kama ngamia aliyekonda hubebeshwa mizigo miwili. Mumewe alipofariki mwaka 2016, alipumzika siku arobaini na tisa tu za matanga ya desturi yetu, kisha akaanza kuwafundisha wanawake kumi na mmoja kazi hiyo.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini, akatibiwa hospitali ya mkoa, akaomba kurudi nyumbani, na asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2023, baada ya kunywa chai ya maziwa aliyopikiwa na Uranbileg, akatutoka akiwa na miaka sitini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomchungia mifugo miezi yote ya ugonjwa, na wanafunzi wake, ambao leo mnawahesabu kumi, kwa sababu Oyuunchimeg ameitwa alfajiri kwenye kambi ambayo simu zake zimezima na mzee wao anaumwa, akatuuliza kama aende au abaki kuzika, nasi tukamjibu kwa sauti moja, "Nenda, mwalimu wako angekufukuza mwenyewe."

Dada Yanjmaa, kazi inaendelea, pumzika kwa amani.